Sare tisa kabatini: shajara ya nguo zangu za Desemba

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Leo nimetoa kila kitu kabatini. Kitanda kilijaa, nikatandika mkeka, nao ukajaa. Nilipomaliza kutenganisha, rundo kubwa kuliko yote lilikuwa la sare.

Ziko tisa. Harusi ya wifi yangu mwaka 2016, kitenge cha samawati chenye ndege wa rangi ya machungwa. Harusi ya kaka 2018, lesi ya dhahabu. Sendoff ya binti wa mama mdogo 2019, satini ya kijani. Kisha kipaimara viwili, ubatizo, kicheni pati, jubilei ya ndoa ya mjomba, na kitenge cha msiba wa baba mkwe. Ukiacha hiki cha mwisho, ambacho nilikivaa tena siku ya kuondoa tanga na kwenye misa ya kumbukumbu, zote zimevaliwa siku moja tu. Nyingine bado zina vumbi la dhahabu la ukumbini kwenye pindo.

Anayeishi Dar anaijua hali hii. Kamati inachagua kitambaa, unalipia, fundi anakushonea usiku wa mwisho, unang'aa kwa saa sita, halafu nguo inakwenda kabatini na haitoki. Kuirudia kwenye shughuli nyingine kunaonekana kama umekosa. Mimi naona ni hasara kubwa, maana vitambaa vyenyewe ni vizuri. Lesi ile ya kaka ni nzito, haijalegea hata uzi mmoja.

Desemba hii nina shughuli nne: sendoff ya binti wa mjomba tarehe 7, sherehe ya ofisini ya kufunga mwaka tarehe 20, Krismasi kwa wakwe Marangu, na ubatizo wa mtoto wa shemeji siku ya pili yake. Januari ada za watoto wawili zinanisubiri, na sare za shule pia. Kwa hiyo nimeamua: nguo zote za sikukuu, zangu na za familia, zitoke kwenye rundo hili. Nimetenga shilingi 50,000 kwa uzi, bitana na fundi. Kitambaa kipya hakiingii.

Sare ya msiba nimeikunja na kuirudisha. Hiyo haiguswi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimezipima zote mbele ya kioo. Ambazo hazipandi kiunoni, ambazo zinapanda ila hazifungi, na ambazo zinafunga ila siwezi kuketi. Kuketi ndiko kunakoonyesha ukweli wa gauni. Kwenye shughuli zetu mtu anakaa kwa saa nne, ananyanyuka kwenda kutoa zawadi akicheza, anainama kumkumbatia bibi, anarudi kukaa. Kwa hiyo kila nguo nimeifanyia hayo yote: nimekaa kwenye kiti cha jikoni, nimeinama kufunga kiatu, nimeinua mikono juu.

Matokeo: satini ya kijani inapungua sentimita sita mgongoni. Lesi ya dhahabu inaenea, ila ni ndefu hadi sakafuni na ina mkia. Kitenge cha ndege ni mshono wa samaki, kimebana hadi magotini halafu kinafunguka. Marangu kwenye vilima na njia za udongo siwezi kutembea nacho hata hatua kumi.

Chini kabisa ya sanduku nimekuta doti ya kanga ya marehemu mama. Nitaiandikia siku yake.

Jumamosi, 16 Novemba

Kazi ya leo haikuwa ya cherehani. Kamati ya sendoff imeshatangaza sare: kitambaa na mshono pamoja shilingi 95,000. Mchango wangu nilikwishaulipa mwezi wa tisa, wote.

Kukataa sare si jambo la kutuma ujumbe kwenye simu. Ukikosea namna ya kusema, wataona unajitenga na familia. Nikapanda gari kwenda Mbagala kwa shangazi, ambaye ndiye anasimamia upande wa kina mama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na jua lote hili, kuna nini?"

Nikamfungulia mfuko, nikamwonyesha satini ya kijani ya 2019. Nikamwambia, shangazi, rangi ni ileile mliyochagua, ninaomba ruhusa niivae hii nikiwa nimeitengeneza upya, na kilemba nifunge cha dhahabu kama wenzangu. Aliishika nguo muda mrefu, akaigeuza ndani akakagua mshono, maana naye alikuwa fundi enzi zake. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: kuna kina mama watatu wameshampigia kulalamika kuwa hawana hiyo hela, na wameona haya kusema mbele ya kamati. Usiku huohuo tangazo likabadilishwa. Atakayeweza anunue kitambaa, na mwenye kijani chake avae, mradi kilemba kiwe cha dhahabu.

Cha kwangu nitakikata kwenye mkia wa lesi.

Jumamosi, 23 Novemba

Satini siku nzima. Sentimita sita ni nyingi. Kwanza nilifumua mshono wa pembeni nione fundi aliacha kitambaa kiasi gani ndani. Nusu sentimita kila upande. Mafundi wazuri huacha mbili au tatu ili nguo ikue na mwenyewe, na ninashauri kila anayeshonesha nguo aseme hivyo kabla mkasi haujaingia. Kwenye nusu sentimita hakuna cha kuongeza.

Kwa hiyo nimeamua kuondoa zipu na kuweka mgongo wa kamba. Nitaeleza, maana hii ndiyo njia inayookoa magauni mengi ya zamani.

Zipu nimeifumua kwa wembe mpya taratibu, nikikata uzi mmoja baada ya mwingine, bila kuvuta. Ukivuta, satini inaacha matundu ambayo hayazibiki tena. Uwazi uliobaki una urefu wa sentimita 40. Nikachukua kilemba cha satini hiihii kilichokuja na sare (karibu kila sare ina kilemba chake, msivitupe), nikakata vipande vyembamba vya upana wa sentimita tatu kwa mshazari. Mshazari ni lazima. Kitambaa kilichokatwa hivyo kinanyumbuka na kitanzi kinajikunja vizuri, lakini ukikata kwa kunyoosha, kitanzi kinasimama kama kijiti. Nikakunja, nikashona ukingo, kisha nikakifunga kipande kwenye sindano kubwa yenye uzi, nikaipitisha ndani na kuivuta hadi kikageuka. Kipande cha kwanza kilinichukua dakika ishirini. Cha mwisho, dakika tatu.

Vitanzi kumi na sita kila upande, vimeachana sentimita mbili na nusu. Nyuma yake nimeshona kipande kipana cha kuziba mgongo, kimeshikwa upande mmoja tu ili kiteleze ninapokaza. Utepe wa satini mita nne, shilingi 2,000.

Umeme ulikatika saa kumi hadi saa mbili usiku, na kazi haikusimama. Cherehani ya mama ni ya miguu.

Jumapili, 8 Desemba

Jana sendoff. Gauni limekaa vizuri kuliko siku liliposhonwa. Baada ya chakula mdogo wangu alinilegezea kamba kidogo nyuma, nikakaa kwa amani hadi ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inakatwa. Na kilemba cha lesi kilisimama chenyewe bila pini nyingi, kwa sababu lesi ile ni ngumu.

Kijani kilikuwa cha aina tano au sita pale ukumbini, cha majani, cha zumaridi, kimoja karibu cheusi. Juu yake vilemba vyote vya dhahabu. Kina mama walipoingia wakicheza na zawadi kichwani, niliona kitu kizuri kuliko safu ya kitambaa kimoja. Nasema ninavyoamini.

Dosari moja: kwapani mkono wa kulia mshono umeanza kuvutika. Nitautia kiraka cha pembenne kwa ndani.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, nyumbani wote. Zamu ya kitenge cha ndege.

Kabla ya kukata nilikikagua. Kitenge cha nta halisi rangi yake ni sawasawa pande zote mbili, kwa sababu rangi imezama hadi ndani. Kile kilichopigwa chapa upande mmoja nyuma huwa kimepauka. Hiki ni sawa pande zote. Ni ufundi uliotoka kwenye batiki za Java, Waholanzi wakaufanyia mashine karne ya 19 (kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iko kazini tangu 1846), na vitambaa hivyo vikapata soko kubwa Afrika kuliko huko vilikokusudiwa. Baada ya kukaa miaka minane kabatini, ndege bado wanawaka.

Nimekata sehemu ya chini ya samaki, pale magotini inapoanza kufunguka. Ilikuwa na vipande sita vipana. Viwili nimevifumua na kuviingiza pembeni mwa sketi kuanzia nyonga kushuka chini, na gauni lililokuwa limebana sasa linafunguka kama kengele, linaishia chini kidogo ya goti. Urefu huo ni kwa ajili ya matope ya Marangu. Vipande vinne vilivyobaki nimeviunganisha, nikatia lastiki kiunoni, binti yangu akapata sketi ya marinda.

Kosa langu: kipande cha kushoto nilikishona juu chini. Ndege wote wa pembeni walikuwa wanaruka kuelekea ardhini, nami sikuliona hadi binti alipokuja kusimama mbele yangu na kuinamisha kichwa ili awasome. Nimefumua, nimeshona upya. Kitenge chenye maumbo yenye kichwa na miguu kinatakiwa kiwekewe alama ya chaki, mshale wa juu, kwenye kila kipande kabla ya kukitenganisha.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku ngumu.

Ofisini wamesema nyeusi na dhahabu. Sketi nyeusi ninayo, ya kazini, iliyonyooka. Mpango ulikuwa kuigeuza lesi ya kaka iwe blauzi: kukata kiunoni, kuacha mikono mirefu, kutia bitana mpya nyeusi ndani ili maua ya dhahabu yaonekane. Bitana mita tatu, 12,000 kule Kariakoo. Mita moja na nusu ni ya blauzi, inayobaki nitaihitaji.

Kukata kulikwenda vizuri. Bitana ikakaa. Nikawasha pasi nilaze mshono wa bega, nikaigusisha moja kwa moja, bila kitambaa juu yake, kwa moto uleule niliopigia kitenge. Lesi ikanywea chini ya pasi. Nilipoinua kulikuwa na tundu bega la kushoto, ukubwa wa punje ya dengu, kingo zake zimeganda na kuwa ngumu kama plastiki.

Nilikaa chini. Nguo ile niliivaa siku kaka yangu anaoa, mama bado yuko hai, na yeye ndiye aliyenifunga zipu.

Nilipotulia nilifanya jaribio ambalo ningelifanya mwanzo. Chomoa uzi mmoja mahali pa siri, uuchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inatoa harufu ya karatasi, inaacha jivu laini. Polista inayeyuka, inajikunja, inaacha kishanga kigumu. Uzi wa lesi ukaacha kishanga. Kwa hiyo pasi ya chini kabisa, na kanga nyepesi ya pamba katikati, siku zote.

Tundu nimeliziba. Kwenye upande wa mkia uliobaki nilichagua ua moja zima, nikalikata kwa mkasi mdogo kuzunguka petali zake, nikaliweka juu ya tundu na kulishona kwa mkono, uzi wa dhahabu, mishono midogo ya kujificha chini ya kingo. Kisha ua la pili na la tatu likishuka kutoka begani kuelekea kifuani, ili lile la kwanza lisikae peke yake. Bega la kulia nimeliacha. Sasa linaonekana limekusudiwa hivyo, na kusema kweli blauzi imependeza zaidi.

Nguo za wanaume nimezimaliza kwa haraka. Suruali ya suti ya baba watoto, fundi wa jirani ameipanua kiunoni kwa 5,000. Suruali za kiume huwa na akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma. Ya mtoto wetu wa kiume nimeishusha upindo sentimita nne. Mstari wa upindo wa zamani ulikuwa unaonekana, nikaupangusia siki nyeupe iliyochanganywa na maji, nikaweka kitambaa kibichi, nikapiga pasi. Umefifia, ukitazama kwa karibu sana ndipo unauona.

Jumamosi, 21 Desemba

Sherehe ya ofisini ilikuwa jana. Wawili waliniuliza blauzi nimenunua duka gani. Niliwaambia ni sare ya harusi ya kaka, mmoja akaomba nimwelekeze mgongo wa kamba. Ana satini tatu.

Leo nafunga mizigo. Jumatatu alfajiri tunapanda basi stendi ya Magufuli. Desemba nusu ya mtaa wetu inaelekea Kilimanjaro, na nafasi ndani ya gari ni ndogo, kwa hiyo nguo zimebidi zichaguliwe kwa uzito pia. Gauni la ndege, sketi ya binti, blauzi nyeupe, sweta mbili. Marangu jioni kuna baridi hata Krismasi.

Na kanga ya mama. Nimekaa nayo wiki sita bila kujua nifanye nini. Ni ya maroni na nyeupe, ya kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Jina lake: *Wema hauozi*. Doti haijawahi kukatwa, vipande viwili bado vimeungana.

Nilitaka iwe sketi ya ubatizo. Mkasi niliushika mara mbili. Kanga ikikatwa kama kitambaa cha kawaida inapoteza vitu vyake: pindo linapinda, mji, yaani mapambo ya katikati, unakatika, jina linapasuliwa na mshono halisomeki. Mwishowe sikukata mahali popote ila ule mstari wa katikati ya doti, ambao ndio mahali pake pa kukatwa. Kipande kimoja kimebaki kizima kama kilivyotoka kiwandani. Cha pili nimekizungushia kiunoni jina likakaa nyuma, nikakunja marinda manne mbele, nikayashikiza kwa mkono, mishono mirefu ya kufumulika kwa dakika tano. Bitana iliyobaki nimeitia ndani, maana kanga ni nyepesi, juani inaonyesha. Pindo la chini limekuwa mapambo ya chini ya sketi, pande zote, bila kuongeza chochote.

Jumatano, 25 Desemba, Marangu

Naandika usiku, wengine bado wako nje na mbege, pombe ya ndizi.

Asubuhi kanisani mvua ilinyesha kidogo na njia ikateleza. Wenzangu wenye magauni marefu waliyashika mikononi, mimi nilitembea. Binti alikuwa mbele yangu na ndege wake.

Tulipotoka ibadani wifi yangu alikuja kunisalimu. Akaanza kusema Krismasi njema, akanyamaza. Akashika pembe ya gauni, akaifuata kwa kidole hadi kwenye ndege.

"Wifi. Hiki si cha harusi yangu?"

Nikasema ndicho. Akaniuliza kama ninakumbuka kwamba kilipatikana siku tatu kabla, kwamba walizunguka Moshi mjini na marehemu baba mkwe wakitafuta gora lenye yadi za kutosha watu sitini, na baba mkwe ndiye aliyewaona hawa ndege. Mimi sikuwa nalijua hilo. Miaka minane kitenge kimekaa kabatini kwangu na sikujua nani alikichagua.

Tukaenda kula machalari. Mama mkwe alimwita binti yangu, akamsimamisha mbele yake, akawahesabu ndege kwa Kichaga, mmoja mmoja, kuzunguka sketi yote.

Alhamisi, 26 Desemba

Ubatizo. Kanga na blauzi nyeupe, sweta begani. Wazee watatu walinisimamisha nigeuke wasome. Marinda yameshika vizuri, mishono miwili tu imefyatuka nilipombeba mtoto.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Tumerudi. Mkesha wa mwaka mpya nilivaa tena gauni la ndege, hapahapa Dar, na hakuna aliyesema kitu.

Hesabu: uzi 3,000, sindano 2,000, bitana 12,000, utepe 2,000, ovaloki kwa fundi 8,000, suruali 5,000. Jumla 32,000. Zilizobaki 18,000 zimenunua madaftari.

Leo nimefua. Satini kwa mkono, maji baridi, bila kukamua. Lesi imelazwa juu ya taulo. Kitenge kimeanikwa kivulini, ndani kikiwa nje. Kanga nimeifumua uzi wote, nikaiosha peke yake kwa kuwa maroni huchuja, na sasa iko kwenye kamba uani, kipande kizima, jina linasomeka hadi kwa jirani.

Wifi amepiga simu mchana. Ya kwake ya harusi ameikuta kwenye sanduku, inapungua sentimita nane mgongoni, anauliza vitanzi vikatwe upana gani. Nimemwambia tatu, na akate kwa mshazari.